Mwenye Chumba cha Uani

Kla!

Sauti moja tu, ya chuma kupita juu ya chuma, kisha usiku ukajifunga tena kama maji yaliyomeza jiwe.

Mshonaji alifumbua macho. Sauti yenyewe aliijua vizuri: komeo likisukumwa hadi mwisho. Alikuwa amelala katika vyumba tisa vya kupanga ndani ya miaka kumi na minne, na katika vyote tisa hiyo ndiyo sauti iliyomwambia kwamba siku imekwisha, hakuna atakayemgongea tena. Kilichomketisha kitandani, mkono mmoja tumboni, ni kwamba mlango wa mbele walikuwa wameshaufunga. Wa nyuma pia. Lilibaki komeo la chumba cha uani, nalo lilifungwa kwa ndani. Na ndani ya chumba cha uani hapakuwa na mtu.

"Baba," alinong'ona, akimtikisa mumewe. "Umesikia?"

"Panya."

"Panya gani anafunga komeo?"

"Panya mwenye aibu zake." Mume akajigeuza ukutani. "Lala, mama. Sasa hata panya ni wetu."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa usiku ule lilitosha.

Mtaa wao ulikuwa na nyumba sitini na kitu, lakini ukiuliza ni za nani ungejibiwa kwa majina matatu. La kwanza lilikuwa la Mzee Milango, aliyeitwa hivyo kwa sababu milango kumi na mmoja ya mtaa ilifunguka kwa idhini yake. Waliobaki walikuwa wapangaji, na mpangaji wa pale alijifunza adabu mapema: usigongomee msumari bila kuomba, usicheke sana baada ya saa tatu, na likizungumzwa jambo la mwenye nyumba, kumbuka ghafla kwamba umeacha maji jikoni. Mume wa mshonaji alikuwa mchomeleaji. Alikuwa amewachomelea watu mageti mpaka macho yake yakawa mekundu kama pilipili, na yeye mwenyewe hakuwa na hata kizingiti. Mzee Milango alipotangaza kuuza nyumba moja kwa bei ya kushangaza, mke na mume waliuza pikipiki, wakauza cherehani ya pili, wakauza na kitanda kikubwa, wakanunua.

Siku ya kuhamia, mchomeleaji aligongomea misumari arobaini, hata pasipokuwa na cha kutundika.

"Gongomea," mkewe alimwambia akicheka, "gongomea na wa mtoto."

Maana mimba ilikuwa ya miezi minane, na mshonaji alikuwa ameapa: mtoto huyu hatazaliwa katika chumba cha mtu. Mimba mbili za kwanza zilimtoka katika vyumba vya kupanga, moja wakati wa kubeba makabati kuhama. Huyu angezaliwa kwao.

Asubuhi baada ya lile komeo, walikuta mlango wa chumba cha uani uko wazi. Sakafu ilikuwa imefagiliwa, mistari ya ufagio imenyooka kama nywele zilizochanwa.

"Asante kwa kunisaidia kufagia," mshonaji alisema.

"Mimi?" alijibu mumewe. "Nilidhani ni wewe."

Wakatazamana. Kisha kila mmoja akaenda kazini kwake.

Siku mbili baadaye, mchana kweupe, mshonaji alirudi kutoka kupeleka sare za shule. Alitia ufunguo mlangoni. Kabla hajauzungusha, sauti ya mwanamke ikamjibu kutoka ndani, laini, yenye malezi mema:

"Karibu. Pita ndani."

"Asante," akajibu, kabla akili yake haijafika.

Ilipofika, alikuwa ameshaingia sebuleni, amesimama kwa adabu karibu na mlango, mikono mbele, kama mgeni anayesubiri kuonyeshwa kiti. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya sabuni ya mche na dawa ya kikohozi. Na juu ya meza, misumari arobaini ilikuwa imepangwa kwa urefu wake, yote imenyooshwa. Ukutani matundu yalikuwa yamezibwa kwa sabuni nyeupe, iliyosawazishwa kwa kidole.

Kazi ile kila mpangaji wa mtaa aliijua. Siku ya kuhama unaziba matundu kwa sabuni, ili mwenye nyumba akipita asione ulichomharibia.

"Umefanya wewe?" mume aliuliza jioni.

"Na tumbo hili, nipande kiti?"

Mchomeleaji alipitisha kidole kwenye sabuni. Ilikuwa bado mbichi. "Basi kuna mtu anatuhamisha," alisema, na kicheko chake kikawa kifupi kuliko alivyokusudia.

Tangu siku ile sauti haikukosa. Wakirudi pamoja, iliwaambia karibuni. Akirudi mume peke yake, ilimwambia karibu, pole na kazi. Haikufoka, haikutisha, haikurusha vyombo kama majini ya kwenye hadithi, na adabu yenyewe ndiyo iliyoanza kumla mshonaji, kwa sababu mtu anayekaribishwa kila siku kwake hatimaye huanza kujiuliza kwake ni wapi. Alianza kupunguza sauti ya redio bila kuambiwa. Alianza kutembea kando ya kuta. Alianza kusema "samahani" akifungua kabati lake mwenyewe, na kushona kwa mkono badala ya cherehani ili asisumbue, na usiku, komeo la uani likishalia ile mara moja yake, alilala amenyooka ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyepewa hifadhi ya siku moja. Mumewe alimwona, akajifanya hakuona. Mpaka mchana mmoja aliporudi kuchukua miwani ya kazi akamkuta mkewe ameketi nje kwenye kizingiti, jua la utosi, vitu vyake vimefungwa katika shuka, miguu imemvimba.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Leo hajasema karibu," mshonaji alijibu kwa upole, akimwangalia kama anayemweleza mtoto. "Siwezi kuingia tu."

Ndipo mchomeleaji akaenda kumleta mganga.

Mganga alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, aliyewahi kuwa mpishi wa shule. Alifika akihema, akaomba maji, akawapa moyo. "Majini nimeyatoa visimani, nimeyatoa kwenye lori, nimelitoa moja kwenye kabati la mwalimu mkuu, tena lilikuwa limesoma kuliko yeye. La kwenu hili ni la kuosha vyombo tu. Nipeni nusu saa."

Akaingia chumba cha uani na kikapu chake, akarudisha mlango. Walimsikia akisoma, kwanza kwa sauti ya juu, kisha ya kawaida, kisha ya mtu anayezungumza na mwenzake, kisha kimya. Alipotoka, viatu vyake alikuwa amevishika mkononi.

"Mbona umevua viatu, mama?" mchomeleaji aliuliza.

"Nimeombwa nivue." Ucheshi wote ulikuwa umemtoka. Aliwavuta mpaka barabarani ndipo akasema, kwa sauti ya chini, "Wanangu, mimi nafukuza wavamizi. Yule siye mvamizi."

"Una maana gani?"

"Jini lipo, nimeliona. Lakini jini halikai hewani. Hukaa kwenye dhuluma, kama nzi kwenye kidonda, na kidonda hiki kina mwenyewe. Nilipomwambia toka, ameniuliza: 'Nitoke kwangu, niende kwa nani?' Miaka thelathini nafanya kazi hii, sijawahi kukosa jibu." Akavaa viatu. "Dalali aliyewakabidhi nyumba, muulizeni. Je, alihakikisha watu wote wametajwa?"

Hakutaka malipo. Hilo ndilo lililomwogopesha mchomeleaji kuliko yote.

Mtaa ule haukuwa na hati za nyumba. Nyumba zilijengwa kwa kuchangiana, huyu kaleta matofali, yule mabati, mwingine mikono yake tu. Kwa hiyo ilipouzwa nyumba, dalali alimsimamisha muuzaji kizingitini mbele ya mashahidi, na muuzaji akamtaja kwa jina kila aliyeweka kitu katika nyumba ile, aliye hai na aliyekufa. Kwa kila jina, mashahidi waliitikia: "Katoka." Wakiisha wote, ndipo ufunguo ukabadili mkono. Asiyetajwa hakuwa ametoka, na fungu lake halikuuzwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao, na kwa miaka mingi haikuwahi kuwaangusha.

Dalali alikuja mwenyewe kwenye karakana ya mchomeleaji alipoitwa. Alikuwa kijana mwenye mashati ya kung'aa na maneno mengi, lakini siku hiyo alikaa juu ya chuma chakavu bila hata kupangusa.

"Bosi, najua unachotaka kuuliza."

"Basi jibu."

"Mzee Milango alitaja watu watatu. Baba yake, ami yake, na yeye. Mashahidi walikuwa tisa, na wote tisa ni wapangaji wake. Ungetegemea nani aseme?"

"Aseme nini?"

Dalali aliangalia mlangoni kwanza. "Saruji na mabati ya nyumba ile yalitoka kwa dada yake. Mama yao alikufa mapema, dada ndiye aliyemlea mgongoni. Akaenda mbali kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, akawa anatuma kila alichopata. Miaka ishirini na mbili, bosi. Alipokuja kupumzika amerudi na kifua kibovu, mdogo wake akampa chumba cha uani, na akautangazia mtaa kwamba amepata mpangaji."

"Mpangaji?"

"Na kodi alilipa. Aliwafulia watu wote wa nyumba ile, na kukohoa kwake kule. Alifia mle mle, komeo amelifunga. Ilibidi waingilie dirishani."

"Aliitwa nani?"

"Nani ajuaye? Alipoondoka, wazee wetu walikuwa wadogo. Mama yangu alijua ni dada yake, akafa nalo moyoni, kwa kuwa naye alikuwa mpangaji wa Mzee. Yeye Mzee alimwita 'mpangaji' mpaka kaburini. Jina hajalitaja, na anayepaswa kulitaja ni yeye aliyeuza."

Mchomeleaji alishika kofia yake ya kuchomelea, akaiweka chini tena. "Na akilitaja?"

"Akilitaja, atatoka. Lakini elewa, bosi wangu. Akimtaja leo, amekiri leo. Nyumba ilikuwa ya dada, na yeye hakuwa na cha kukuuzia. Utakuwa umenunua kivuli. Na pesa zako usizitazamie, zile nyumba zake nyingine zote ziko rehani. Unadhani aliuza bei ile kwa huruma?"

Nje, watu walipita na maisha yao. Mchomeleaji aliona vyumba tisa vimejipanga mbele yake, kila kimoja na mwenyewe wake mlangoni, na nyuma yao kikimsubiri cha kumi.

"Mtoto akishazaliwa," alisema hatimaye. "Tutalizungumza mtoto akishazaliwa."

Usiku huo mkewe alimuuliza kama dalali anajua lolote.

"Hajui," alijibu, akazima taa.

Siku ya tisa baada ya hapo, alasiri, alikuwa anakata bomba aliposikia mtu anaita kwa sauti ya kupasua. Alikuwa bibi wa nyumba ya mkabala, ajuza mwembamba aliyepanga kwa Mzee Milango tangu kabla mchomeleaji hajazaliwa.

"Fundi! Mkeo uchungu umemshika. Mkunga yuko pale, lakini mkeo amejifungia chumba cha uani, hataki kufungua."

"Amejifungia?"

"Sijui kama ni yeye aliyefunga," bibi alisema.

Aliubeba mtungi wa gesi begani, akakimbia. Uani mkunga alikuwa amepiga magoti, shavu kwenye ubao. Ndani, mshonaji aliugua, ule mguno mrefu wa mwanamke anayesukumwa na kitu kikubwa kuliko yeye, na juu ya mguno huo, kama mkono juu ya paji la uso, ilisikika sauti nyingine ikimbembeleza: "Tulia, mpangaji wangu, tulia. Hapa ni kwangu. Hapa hakuna atakayekuhamisha tena, wala wewe wala mwanao. Tutakaa. Mimi nawe hatutoki."

"Fungua!" mchomeleaji alipiga mlango kwa ngumi mbili. "Fungua mlango wangu!"

Kisha, kwa adabu ileile:

"Wako?"

Aliwasha moto wa kukatia. Ulitoka samawati, mkali, akauelekeza kwenye bawaba, na ulipoufikia mlango ulijikunja, ukarudi nyuma kama mbwa aliyekemewa, ukazimika. Akawasha tena, ukazimika. Akawasha mara ya tatu, jasho likimwingia machoni, harufu ya sabuni na dawa ya kikohozi ikimkaba kooni, na moto ukafa kabla haujamtoka mkononi, na alipoishika bawaba kwa vidole vitupu, bawaba ambayo ingepaswa kumuunguza mpaka mfupa, ilikuwa baridi na imelowa kama mtungi wa maji ya kunywa.

"Nani anayeagiza hapo nje?" sauti iliuliza. "Mlango huu unafunguliwa kwa jina la mwenyewe. Niiteni, nifungue."

"Fundi," mkunga alisema bila kuinua kichwa. Alinyoosha kidole. Chini ya mlango, polepole, uzi mwekundu ulikuwa unatafuta njia kwenye saruji. "Fundi, sina muda wa kukupa."

Mchomeleaji alianguka magotini. "Nilijua," aliuambia ubao. "Mama, nilijua tangu siku ile, nikakudanganya. Niliogopa chumba cha kumi."

Kisha sauti ya mkewe, yake hasa, nyembamba, imetoka mbali:

"Mpe nyumba yake, baba. Mimi na mwanao tutalala popote."

Dalali alikuwa ameshafika, na bila kuambiwa akageuka akakimbia. Alirudi amemshika mkono Mzee Milango, na nyuma yao mtaa mzima: wapangaji wa milango kumi iliyobaki, wamesimama uani kimya, kama walivyozoea kusimama. Mzee alikuwa bado na taulo shingoni, povu la kunyolea kwenye shavu moja.

"Mnaniburuta kama mwizi?" alifoka. "Mimi nyumba nimeshauza. Ya ndani muulizeni aliyenunua."

"Sina nyumba," mchomeleaji alisema. "Mbele ya watu hawa wote, sina nyumba na sikudai. Mtaje tu."

"Nimtaje nani? Waliojenga nimeshawataja."

"Dada yako."

"Mle mlikuwa na mpangaji." Mzee alifuta povu, akaugeuzia umati uso wake, akitafuta wa kumuunga mkono. "Si mnajua? Mle mlikuwa na mpangaji!"

Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kukumbuka maji jikoni. Kila mtu aliangalia miguu yake. Ndani, mguno wa mshonaji ulipanda, ukakatika katikati.

Bibi wa nyumba ya mkabala alijisukuma mbele.

"Alikuwa dada yako," alisema. "Alikubeba mgongoni kwenda kisimani, ukimlilia. Nilikuwa nawaona. Miaka yote nimenyamaza kwa sababu ya chumba kimoja kinachovuja. Kesho nitoe, Mzee. Nitoe hata leo."

"Alikuwa dada yako," alisema fundi viatu, mpangaji wa mlango wa nne.

"Alikuwa dada yako," alisema dalali.

Wakaongezeka, mmoja hapa, mmoja pale, bila kupaza, wengine wakisema jambo ambalo walikuwa wamelijua maisha yao yote na wengine jambo walilolijua dakika ileile, mpaka uani pakajaa sauti za watu ambao hawakuwahi kusema kitu mbele ya mwenye nyumba wao, na Mzee Milango akawa anarudi nyuma hatua kwa hatua kutoka kwao, kisigino kikitafuta ardhi, hadi mgongo wake ukagusa mlango wa chumba cha uani. Aliruka kama aliyeunguzwa. Akageuka kuutazama. Damu ilikuwa imefika kwenye ndala zake.

Alikuwa mtu mkubwa, lakini alivyoinamisha kichwa kuelekea ubao, mikono ikining'inia, mtu angedhani ni mtoto aliyetumwa kuomba radhi. Watu wote walinyamaza. Ndani napo palinyamaza, ule unyamavu wa mtu aliyesimama upande wa pili akishikilia pumzi.

"Kibibi," alisema. "Dada yangu, Kibibi."

Kla! Komeo likafunguka.